Waliiita Rweya Ardhi Tupu

Kwetu Kamachumu, rweya ni ule uwanda wa nyasi unaoanza pale migomba inapoishia. Kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, ni mali ya ukoo, na ukoo maana yake wanaume. Mwanamke alikuwa na rweya. Huko alilima njugu mawe, na huko alikata nyasi za kutandaza kibanjani. Mama yangu, mjane tangu mwaka wa vita, aliishi kwenye migomba kwa hisani ya baba mdogo, lakini njugu zilikuwa zake, na ndizo zilizonisomesha mimi, binti yake, mpaka nikawa mwalimu.

Ndipo ukaja mradi wa nyumba. Nyumba za kisasa za watumishi na wafanyabiashara, uwanda mzima. Afisa aliyekuja kupima alituambia ardhi ile ni tupu. Aliyasema hayo akiwa amesimama katikati ya njugu za mama, na miwani machoni.

Niliandika barua ya pingamizi, nikazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta sahihi na dole gumba. Kazi ya siku mbili ilinichukua wiki tatu, maana kila nilikobisha hodi kulikuwa na msiba. Ugonjwa ulikuwa unatumaliza, na tulishachoka hata kulia. Mkutano ukapangwa Alhamisi, ofisi ya kata. Tuliambiwa asiyefika amekubali.

Jumatano jioni akafa jirani yetu, fundi baiskeli, akaacha mke na mabinti wawili. Kwetu akifa mtu majembe hulala, na hakuna anayeshika shughuli zake kabla ya maziko. Wazee wakasema mkutano utasubiri. Nani atakaa kikao na maiti iko ndani? Nikawaamini, au tuseme nilitaka kuwaamini.

Asubuhi, tukimenya ndizi za waombolezaji, mama alininong'oneza, "Mwana wange, nenda. Marehemu hatakukasirikia."

"Na watu je, mama?"

"Watasema. Wakichoka watanyamaza."

Sikwenda. Niliogopa midomo ya watu, sina sababu nyingine. Barua ilikuwa mkobani, nami nikaendelea kumenya.

Kikao kilifanyika saa nane mchana, wakati tunamfukia jirani. Waliofika ni watu wa mradi na mwenye duka mmoja. Kwenye muhtasari wakaandika kwamba wanakijiji hawakuwa na pingamizi. Kesho yake nilipeleka barua. Karani aliipokea kwa adabu, akaigonga muhuri. Majibu hayakuja. Lilikuja tingatinga.

Haikupita miezi miwili, mashemeji wakamtoa yule mjane wa fundi kwenye kibanja, kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume. Alikuja kwetu na jembe begani, akapiga magoti mbele ya mama, akaomba japo ukingo wa rweya uliosalia, apande njugu za wanawe.

Mama alimwambia akae kwanza, ale. Kisha akanigeukia, akangoja mimi, niliyebaki na barua mkobani, nimjibu.