Wakubwa Wawili wa Kanisa la Kalerwe

Mvua za mwezi wa nne zikishika, nami nikalazimika kuanika nguo ndani, nyumba yangu hujaa harufu ya pamba mbichi inayokaukia juu ya makaa. Wanangu hulalamika na kufungua madirisha. Mimi huwaacha wafungue, kisha huyafunga tena kimyakimya, maana harufu ile hunirudisha kwenye chumba chetu kimoja cha laini, yaani nyumba za askari polisi, Kampala, upande wa kwenda Ntinda, miaka ile ya sabini wanajeshi walipokuwa wakitutawala.

Baba alikuwa konstebo, Mwislamu wa kutoka Arua, mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa. Mama alikuwa Mkristo wa kanisa moja la kimitume lililokuwa Kalerwe, jirani na soko, jengo la matofali mabichi na mabati. Mimi nilikuwa na majina mawili. Baba aliniita Zaina, Mama aliniita Rebeka, na nikiitwa kwa yote mawili kwa pamoja nilijua nimeharibu kitu.

Katika kanisa lile watu wote walivaa kanzu nyeupe za kitambaa cha marekani na kusali miguu mitupu. Mwanzilishi wake, tuliyemwita Baba Mtume, aliweka sharti kwamba mtu asifue kanzu yake mwenyewe. Alisema anayejifulia hujifichia uchafu wake, kwa hiyo lazima awepo mwenzako mmoja anayeujua. Basi kanisa lilikuwa na mfuaji wake, naye alipakwa mafuta mikononi kama mchungaji anavyopakwa kichwani. Mfuaji huyo alikuwa Mama. Alifua kila Jumamosi, kwa sabuni ya mche na buluu kidogo aliyoinunua Nakivubo, na alikatazwa kusema neno mikono yake ikiwa majini. Hilo ndilo lililomtesa. Alikuwa akiitoa mikono, anasema lake, anairudisha.

Nilipokuwa na miaka saba Baba Mtume alifariki, na matata yakaanza. Siku zake za mwisho alimwekea Mzee Erisa mkono kichwani, watu wakaona. Kesho yake akamkabidhi Mzee Yokana fimbo yake, watu wakaona pia. Hakufafanua. Basi mmoja akawa na mkono, mwingine akawa na fimbo, na kila Jumapili ibada iliishia kwa mmoja kusimama na kusema, "Mukubwa ni mimi," na mwingine kusimama na kusema hapana, mkubwa ni yeye. Haukupita muda wakagawana. Waligawana mabenchi, ngoma, hata mabati ya jikoni. Watu wa Yokana walijenga kanisa lao ng'ambo ya mtaro, karibu kiasi kwamba upande mmoja ukianza wimbo, upande wa pili ulipiga ngoma kwa nguvu ili wimbo huo usisikike. Wauza matoke wa Kalerwe walituchoka kabisa.

Kitu kimoja hawakuweza kukigawana, nacho ni Mama. Mikono yake ilipakwa mafuta na Baba Mtume mwenyewe, na marehemu hakumpaka mwingine. Kila upande ulimjia kumtaka achague. Aliwajibu wote jibu moja: "Mimi nafua tu. Na uchafu yenu iko sawasawa, nimeona."

Kwa hiyo kila Jumamosi jioni wazee wote wawili walifika kwetu kuchukua vifurushi vyao. Mzee Erisa alikuwa mrefu, mkavu, mjane ambaye watoto wake walikuwa wamekwisha kujitegemea. Mzee Yokana alikuwa mfupi, mcheshi kwa kila mtu isipokuwa mmoja, na nyumbani alikuwa na watoto watano wadogo. Mama aliwaketisha makusudi kwenye benchi moja, akawapa chai na mihogo ya kuchemsha. Hawakusemeshana. Mazungumzo yao yote yalipitia kwangu. "Wewe Rebeka, ambia huyo muzee asogeze mguu." Nami nilimwambia huyo mzee, na goti lake lilikuwa likimgusa msemaji.

Kisha serikali ikapiga marufuku makanisa madogo. Redio ilisoma dini zilizoruhusiwa, na sisi hatukuwamo, si wa mkono wala wa fimbo. Makanisa yote mawili yakafungwa. Waumini wakaanza kusali kwa siri, wachache wachache, nyuma ya maduka, na hata huko, niwaambie ukweli, walisali mbalimbali. Kanzu ziliendelea kuletwa kwetu, zimefungwa ndani ya majani ya migomba utadhani chakula. Mama hakuweza tena kuanika nje. Alifunga kamba chumbani, akawasha sigiri ya makaa katikati, na Baba akirudi kazini alipita ameinama chini ya kanzu zinazodondoka maji, akaketi, akanywa chai yake. "Leo mvua iko mingi," alisema, basi. Sikujua wakati ule kwamba kanzu moja tu kati ya zile ingetosha kumpoteza.

Jumamosi moja Baba alikuwa zamu. Wazee walikuwa wamewahi kufika, wako kwenye benchi lao na vikombe mikononi, na Mama alikuwa bado anafua, amechutama mbele ya karai. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Wakaingia wanaume watatu wenye miwani myeusi, mashati ya maua na viatu vya soli nene. Tuliwajua ni watu wa nani. Kampala nzima iliwajua. Nje gari lao lilikuwa linanguruma. Waliopakiwa kwenye magari yale wengi hawakuonekana tena. Mkubwa wao alishika kanzu moja kwenye kamba, akaikamua, maji yakamdondokea kiatuni.

"Mama, hii kanisa ya nani? Nani mukubwa?"

Mama hakujibu. Mikono yake ilikuwa majini.

"Hutaki kusema? Basi mukubwa ni wewe. Simama, tunaenda."

Mzee Erisa akaweka kikombe chini. "Afande, wacha huyo mama. Yeye anafua tu nguo. Mukubwa ni mimi."

"Usimusikirize," Mzee Yokana akadakia. "Huyo ni mutu ya kuimba tu. Mukubwa ni mimi. Fimbo iko na mimi."

"Hiyo fimbo ya kutembelea! Mimi niliwekewa mukono kwa kichwa, watu wakaona."

"Murongo! Afande, huyo ni murongo tangu zamani. Hata kuhubiri hajui. Muwache aende kwake."

Niliona aibu isiyo na kifani. Maneno yaleyale niliyoyasikia kila Jumapili, sasa wanayatapika mbele ya watu wale, na Mama amechutama pale. Walisimama, wakaelekezeana vidole, mate yakawaruka. Wale wageni wakaanza kucheka. Mkubwa wao alicheka mpaka akavua miwani. "Kanisa moja, wakubwa wawili! Haya, twende wote." Wakawasukuma nje bila hata kuwaacha wavae viatu. Mama wakamwacha kana kwamba wamemsahau. Hakuitoa mikono majini mpaka mlio wa gari ulipopotelea kwenye kona.

Nikasema, kwa sauti ya mtoto anayejiona ana akili, "Hata leo wamegombania ukubwa. Wazee wajinga."

Mama alinizaba kofi kwa mkono uliojaa povu. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku hiyo, wala hakunipiga tena. Hakunieleza sababu pia, na mimi nilibaki na kinyongo changu.

Baba aliporudi akasikia yaliyotokea, hakuketi. Kwa karibu mwezi mzima, kila alipomaliza zamu, alikwenda kwa huyu na kwa yule, watu aliosoma nao depo ya polisi, Mwislamu akiwaombea wazee wawili wa kanisa lililopigwa marufuku. Sijui alisema nini huko, na alikufa bila kutuambia. Lakini wazee walirudi. Mzee Yokana alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele, na mkono wa kulia wa Mzee Erisa ulikuwa hauinuki. Jumamosi yao ya kwanza walikuja kwetu, wakaketi. Hawakusemeshana. Mzee Yokana alishika kikombe cha mwenzake, akamsogezea mdomoni, akangoja amalize. Mimi nilisimama pale nikisubiri kutumwa, na hakuna aliyenituma.

Utawala ule ulipoanguka kanisa lilifunguliwa tena, yaani yalifunguliwa mawili, na mpaka leo ni mawili. Kama mlitarajia waungane, hata mimi nilitarajia.

Kisa hiki nilikisimulia miaka mingi kama kichekesho: wazee wawili walivyogombania cheo mbele ya watu wenye bastola. Siku moja nikakisimulia mbele ya binti zangu, Mama akiwa mzee tayari na anaishi nami. Watoto walicheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama kweli nimefika umri ule bila kuelewa.

"Rebeka, kwa ile gari walikuwa wanataka mutu moja," alisema. "Mutu alikuwa mimi. Wale wazee walikuwa wanapigania nafasi yangu."

Nilitoka nikaenda kusimama uani, nimeshika shavu langu. Wazee wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki, nami sikuwa nimewapa hata asante. Nawapa hapa, kwa kuchelewa, wote wawili, wa mkono na wa fimbo. Kwa ajili yao Mama aliishi hadi akazeeka. Kila Jumapili asubuhi aliketi mlangoni akiwasuka binti zangu nywele, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa nikimpita pale na ndoo yangu ya maji, nikimwambia asogee kidogo.