Damu Nambari Kumi na Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilichomwa sindano. Nilikuwa nimevaa kaptura mpya na soksi ndefu, nikidhani nitakabidhiwa hadubini siku hiyohiyo. Bwana Maabara, mzee wa Kishambaa aliyefundishwa kazi na Waingereza na kuachiwa chumba kizima walipoondoka, alinikalisha kwenye stuli, akanifunga mpira mkononi na kunitoa damu kichupa kizima. Kisha akanipa sindano nyingine, akakunja mkono wa shati lake na kuniambia nitoe yake. Nilimtoboa mara tatu ndipo nikaupata mshipa, naye hakukunja uso. Halafu akakata kipande cha plasta, akaandika jina langu kwa penseli na kukibandika kwenye kichupa changu kabla hajainuka.

"Ukitaka damu ya mtu, anza na yako," alisema. "Na ukishaitoa, ibandike jina palepale. Damu yenye jina la mwingine ni mbaya kuliko damu iliyomwagika."

Hiyo ilikuwa zahanati ya shamba la mkonge karibu na Mazinde, Uhuru ukiwa bado mchanga. Mimi mwenyewe ni mtoto wa kambi. Baba yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge. Kazi yetu pale ilikuwa malaria: kupaka tone la damu kwenye kioo, kulitia rangi, kisha kuhesabu vijidudu mpaka macho yanatoa machozi. Baadaye nilihamishiwa Bungu, kule juu milimani, chini ya Mganga Msaidizi aliyekagua kucha zetu kila asubuhi. Nilikaa huko miaka mitatu nikitetemeka kwa baridi, ndipo nikaitwa Korogwe kwenye kituo kidogo cha utafiti. Kituo hicho hakipo tena.

Kilichotafutwa pale ni chanzo cha uvimbe wa taya kwa watoto. Mgonjwa wa kwanza niliyemwona alikuwa na shavu lililovimba hata meno yanacheza mdomoni, na wiki mbili baadaye uvimbe ulikuwa umeziba jicho. Nilitoka nje nikatapika. Kule Bungu sikuwahi kuona mtoto wa namna hiyo hata mmoja, lakini huku bondeni na Handeni walikuja. Mkuu wa kituo, Daktari Mtafiti, Mtanzania aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo, alitueleza kwamba ndani ya uvimbe huo kumeonekana kirusi cha jamii ya hepesi. Ajabu ni kwamba karibu kila mtu anacho mwilini na wala hakimdhuru. Swali lilikuwa kwa nini kinawageuka wachache.

Ili kulijibu tulihitaji damu ya wagonjwa na ya wazima, tuilinganishe. Chembe nyeupe za damu tuliziotesha katika chupa, ndani ya maji ya rangi ya waridi yaliyochanganywa na majimaji ya damu ya ndama, tukaziweka kwenye kabati lenye joto la mwili wa binadamu. Chembe hizo, ambazo wataalamu huziita seli, nyingi hufa baada ya wiki chache. Zile zilizoingiliwa na kirusi huweza kukataa kufa. Huzaana, maji yanageuka manjano, unayamwaga na kuzipa mapya, zinazaana tena. Mara ya kwanza kuona hivyo nilisimama mbele ya kabati kinywa wazi.

Shida ilikuwa kupata damu ya wazima. Vijijini Handeni watu waliamini sisi ni mumiani, wanyonya damu waliovaa makoti meupe. Hapo maneno ya Bwana Maabara yalinisaidia sana. Tulipofika kijiji chochote nilikaa mbele ya wazee, nikajitoa damu yangu mwenyewe kwanza, nikawaonyesha kichupa. Walicheka, walinong'ona, kisha walileta watoto. Kichupa changu nilikimwaga jioni kituoni.

Siku moja tulikwenda kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari na udongo wa kuta bado mbichi. Orodha ilikuwa na vijana ishirini, na Daktari alikwishaitia sahihi. Kumi na tisa walitoa. Nambari kumi na saba, msichana wa miaka kumi na sita aitwaye Zaina, hakuonekana. Bibi yake aliyemlea alisema amekwenda kisimani. Tulingoja. Dereva alianza kupiga honi kwa sababu damu ilitakiwa ifike Korogwe kabla haijaharibika. Mkononi nilikuwa na kichupa changu cha asubuhi, kimejaa. Nikajiambia kwamba damu ni damu, mzima ni mzima, na kirusi chenyewe kila mtu anacho. Nikabandika plasta nikaandika 17.

Ningependa kusema nilikosa usingizi. Sikukosa. Chembe za nambari kumi na saba ziliota vizuri kuliko zote, na mimi ndiye niliyepewa zamu ya kuzilisha. Mara mbili kwa wiki nilikuwa nikijilisha mwenyewe ndani ya chupa na kuona fahari ya siri, mjinga mimi. Daktari alizipenda, akapeleka chupa mbili ng'ambo kwa ndege.

Majibu yalichukua karibu miaka mitatu. Daktari aliniita ofisini, barua mkononi, uso unang'aa. Kwa kawaida, alinieleza, DNA ya kirusi hiki, yaani maandishi yake ya urithi, huelea peke yake ndani ya seli. Katika nambari kumi na saba ilikutwa imeungwa ndani ya kromosomu yenyewe, vile vijiti vinavyobeba urithi wa mtu, kama kiraka kilichoshonwa kwenye nguo. Seli ikigawanyika, kiraka kinakwenda nayo. Wenzake ng'ambo walikuwa hawajaona jambo kama hilo kwenye chembe za mtu mzima wa afya.

"Lakini kuna ajabu zaidi," alisema. "Wamezihesabu kromosomu. Ziko arobaini na sita, sawasawa. Ila zina ile ndogo ya kiume. Huyu binti ana kromosomu za mwanamume."

Moyo ulinipiga paa. Nikashika ukingo wa meza, na Daktari akadhani ni furaha ya ugunduzi. Akaongeza kwamba barua imekwisha kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Zaina aandaliwe kwa uchunguzi, kwa kuwa damu yake imekutwa na alama ya kiume. Nikasema, "Ndiyo, Daktari." Hilo ndilo neno ninalolijutia kuliko hata ile plasta.

Tukaenda Handeni. Tulikuta watu wamejaa uani kwa mwenyekiti kuliko tulivyotarajia. Mwenyekiti alikuwa ameisoma barua ile barazani kwa sauti, na kijiji kizima kilikuwa na habari. Zaina sasa alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa amechumbiwa. Mshenga wa upande wa kijana alikuwa amekaa pale, fimbo magotini, amekuja kusikia kama posa inasimama au inavunjika. Zaina mwenyewe alisimama mlangoni, khanga imeshikwa chini ya kidevu, hatazami mtu. Nilipomwona nilihisi baridi kama ya Bungu.

Daktari alianza kueleza kwa upole. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Mjukuu wangu hajawahi kutoa damu, baba. Siku ile alikuwa kisimani. Damu niliyoiona mimi ikitoka kwanza ni ya huyu bwana wako."

Daktari alifungua daftari akamwonyesha nambari kumi na saba. Bibi hakujua kusoma; hakulitazama daftari, alinitazama mimi. Nilijua ningeweza kukataa. Daftari lilikuwa upande wangu, sahihi ilikuwa upande wangu, na neno la kikongwe lisingeshinda. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile yangu ilikuwa bado ina hatua chache ningeweza kuzitembea, na mwisho wake ulikuwa juu ya kichwa cha yule binti.

Nikakunja mkono wa shati. "Ni damu yangu," nikasema. "Nilibandika nambari yake kwenye damu yangu."

Daktari alipauka kama jivu. Alinitoa damu palepale ya kwenda kulinganishwa, mbele ya wazee na mshenga. Mshenga alisimama, akasema, "Tumesikia," akaenda zake.

Hakurudi. Daktari nami tulikwenda mara mbili kwa wazazi wa kijana. Walituamini, wakatupa hata chai, lakini walisema jina la binti limekwisha kutembezwa midomoni mwa watu. Zaina alikaa miaka sita ndipo akaolewa Mombo.

Daktari aliandika ng'ambo kufuta nambari kumi na saba, kazi yake ya miaka mitatu ikavunjika, nami nikashushwa kuosha chupa kwa mwaka mzima. Damu yangu ile mpya ilioteshwa. Kirusi kilikuwamo, ila hakikushonwa popote. Daktari alidhani kiraka kile kilijishona humo chupani, katika miezi ile ya kulishwa, lakini hakuwa na hakika. Sijui mpaka leo. Ninaowafundisha huniuliza kuhusu hadubini za zamani; mimi nawaambia habari za plasta.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, kwenye maabara ya zahanati moja hapa Korogwe, aliingia mama mmoja na mtoto mwenye homa. Nilimtambua kabla hajakaa. Aliniitikia salamu, akampakata mtoto, lakini mkono wa mtoto hakuutoa.

"Anza na wewe," alisema Zaina.

Nilifunga mpira kwa meno, nikajitoa damu, nikaandika jina langu kwenye plasta na kuibandika. Alichukua kichupa akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima. Alipitisha kidole chini ya herufi moja moja, midomo ikicheza, mpaka akalimaliza jina. Kisha akakunjua mkono wa mtoto, akaniletea.