Kamera ya Kumkamata Mjomba Akikimbia

Nilinunua kamera yangu ya kwanza kwa sababu sikuamini yale watu waliyosema juu ya mjomba wangu: kwamba akikimbia na mpira, miguu yake haigusi chini. Nilianza kusikia habari hiyo nikiwa shule ya bweni, kutoka kwa kila mtu wa Nachingwea niliyekutana naye, na kila mara nilijibu kwa swali lile lile: nani amepima? Sasa nilikuwa chuo kikuu, mwaka wa pili, na tabia hiyo ilikuwa imezidi. Mtu akiniambia mvua inakuja, nilimwuliza amejuaje.

Kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo aliyenilea na kunipeleka shule alikuwa mjomba. Aliendesha trekta kwenye mradi wa karanga wa Wazungu. Mradi ulipokufa na matrekta yakabaki yanaota kutu, alirudi kwenye ufuta na mikorosho yake, na Jumamosi alicheza winga ya kulia katika timu ya Nachingwea. Mimi sikuwahi kumwona akicheza. Mechi kubwa zilichezwa nikiwa masomoni. Likizo ile, tukipalilia, aliniambia kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi kwamba goti lake la kulia limekwisha, na mechi ya Ruangwa ndiyo itakuwa ya mwisho.

"Kinachonisumbua ni mama tu," alisema. "Hajaniona hata siku moja."

Mama yake, yaani bibi yangu, aliishi Nandagala. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa miaka mingi, na hata kufika uani alishikwa mkono. Watu walipita nyumbani kwake wakimsifia mwanawe kwamba akikimbia hagusi chini, naye akawashukuru kwa kitu ambacho hakuwahi kukiona. Nikasema nitampelekea picha. Si picha ya mjomba amesimama. Picha yake akikimbia, kwenye mechi yenyewe. Mjomba alicheka, akaendelea kupalilia, lakini jioni aliniuliza kama kweli jambo hilo linawezekana. Nikajua kwamba nimeahidi.

Nachingwea palikuwa na fundi picha mmoja, Myao, aliyejifunza kazi katika chumba cha giza cha mradi, akisafisha picha za matrekta. Wazungu walipokuwa wanaondoka waliuza vitu vyao kwa bei ya kutupa, naye akachukua kamera. Myao na Mmwera ni watani, kwa hiyo alinipokea kama mtani anavyopokewa.

"Karibu, Mmwera. Umekuja kupigwa picha au kuiba kiti?"

"Kununua kamera."

"Ya kupigia nini? Mihogo?"

"Watu wanaokimbia."

Hapo aliacha utani. Aliweka kamera tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kasha jeusi lenye kitufe kimoja. "Hii ni ya bwana harusi na maiti," alisema. "Wote wawili hawakimbii." Ya pili ilikuwa ya kupendeza, ina lenzi ndefu kama mchi. Ya tatu ilikuwa ya kukunja. Ukiifungua, lenzi fupi ilitoka mbele ya mfuko wa ngozi wenye mikunjo.

Nilichukua ile ya mchi. Hoja yangu ilikuwa safi: mchezaji yuko mbali, lenzi ndefu inamleta karibu, basi. Fundi hakubishana. Alinisimamisha mlangoni na kuniambia nimfuate kwa lenzi hiyo mtu aliyekuwa anapita na baiskeli, nibonyeze akifika mbele yangu. Niliona majani, nikaona bati, nikaona mbingu.

"Umempata?"

"Nimepata mkorosho."

"Picha nzuri hiyo. Mpelekee mama mkwe."

Nilimwuliza maswali mpaka wateja wawili wakakata tamaa na kuondoka. Alijibu yote. Lenzi ndefu, alisema, ni kama kuchungulia kwenye bomba: mtu akikimbia hutamwona anaingia wala anatoka. Tena ile ya kwake ilikuwa na kiza, kwa hiyo kipazia cha ndani kinachofungulia mwanga lazima kikae wazi muda mrefu, na anayekimbia atatokea kama moshi. Lenzi ya kamera ya kukunja ilipokea mwanga mwingi, na kipazia chake kilifunguka na kufunga ndani ya sehemu moja ya mia tatu ya sekunde.

"Na umbali?" niliuliza.

"Umbali dawa yake ni miguu. Sogea."

Nilinunua ile ya kukunja, lakini kwa siku tatu alinizuia kuweka filamu. Alinitaka nifuate baiskeli, mbuzi na watoto wa jirani kwa kamera tupu, nijifunze kuzungusha mwili kuanzia kiunoni. "Usiufukuze mpira," alinirudia. "Chagua mahali, pima hatua, weka lenzi kwa hatua hizo, kisha ngoja mtu aingie mwenyewe." Nimefundishwa na watu wenye shahada nyingi. Wachache wamenivumilia hivyo.

Tulikwenda Ruangwa kwa lori la ufuta, timu nzima na mimi, kamera nimeifunga ndani ya shuka. Filamu ilikuwa ya picha kumi na mbili. Nilipima hatua zangu, nikasimama pembeni, jua mgongoni. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa jambo moja ambalo mimi wala fundi hatukulifikiria.

Siku zile mtu wa kwetu alipigwa picha mara moja au mbili maishani, na kila mtu alijua adabu yake: unasimama wima, mikono ubavuni, hutikisiki wala hucheki, unangoja uambiwe tayari. Beki wa Ruangwa aliniona nimemwelekezea kamera. Alisimama. Alivuta bukta juu, akatoa kifua, akanikazia macho, na mpira ukampita mguuni. Kipa wake alipiga kelele, kisha naye akaniona, akavua kofia. Nachingwea tukapata bao.

Sikuelewa haraka. Nilipiga tena, na tena, na kila niliyemwelekea alisimama kama mlingoti. Wa timu yetu pia. Kufika mapumziko nilikuwa nimepoteza picha sita, na mashabiki wa Ruangwa walikuwa wamenizunguka.

"Huyu anaroga na hilo kasha!"

"Si kasha, ni kamera," nilisema, kana kwamba hilo ndilo lilikuwa tatizo.

"Msomi, ondoka na kamera yako kabla haijawa kuni!"

Mwamuzi, mwalimu mmoja mpole, aliniambia nitoke uwanjani. Nilianza kumweleza habari za kipazia na sehemu za sekunde. Ndipo mjomba alipofika akichechemea, akamshika mkono nahodha wa Ruangwa.

"Mtani," alimwambia, maana yule alikuwa Myao. "Vijana wako wanataka picha, wangu pia. Wapigwe sasa hivi, wote pamoja, wasimame hadi washibe. Baadaye atakayesimama tena ni ujinga wake mwenyewe."

"Na wewe utasimama wapi? Nyuma, usituharibie sura?"

"Mbele. Nyie mtajificha kwenye uzuri wangu."

Watu walicheka, nami nikawa nimeokoka. Wachezaji ishirini na wawili walijipanga, mwamuzi katikati, nikapiga picha ya saba. Nilikuwa na elimu yote ile, na haikunijia akilini kwamba watu ukiwapa kwanza picha wanayoijua wataacha kukuangalia. Mjomba aliishia darasa la nne, akaliona mara moja.

Kipindi cha pili hakuna aliyesimama. Nilijilaza kwa tumbo karibu na kona ya kulia, lenzi nimeiweka kwa hatua kumi, mahali palipokuwa na kichuguu kidogo nje ya mstari. Mjomba alikuja mara ya kwanza, nikabonyeza mapema. Mara ya pili beki aliniziba nilipobonyeza. Mara ya tatu na ya nne nilipata migongo. Ilibaki picha moja, na yeye alikuwa ameanza kushika goti kila mpira ulipotoka.

Nilitaka kuinuka nimfuate. Nilibaki chini, macho kwenye kichuguu. Mpira ulimwendea, akaupeleka mbele, beki akaja, mjomba akampita kwa nje, na alipofika sambamba na kichuguu nikabonyeza. Kisha nikamwona anaanguka, anashika goti, anacheka. Hakuinuka kucheza tena.

Fundi alisafisha filamu kesho yake, akanikataza kuingia chumbani kwa sababu, alisema, maswali yangu yangeingiza mwanga. Alitoka na karatasi mbichi akiishika kwa pembe. Mpira ulikuwa umekatika nusu. Mkono mmoja ulikuwa na ukungu. Lakini mjomba alikuwa pale, mdomo wazi, miguu yote miwili hewani, na kivuli chake kiko chini peke yake, kimeachana naye.

Tulimpelekea bibi Nandagala. Aliishika karibu na uso.

"Nani huyu anayeanguka?" aliuliza kwa Kimwera.

"Haanguki, bibi. Anakimbia. Mwanao huyo."

Alipitisha kidole polepole kwenye nafasi ile kati ya miguu na kivuli. "Basi hawakuwa wananidanganya," alisema.

Mimi nilijua kwamba kila anayekimbia, hata mwizi wa kuku, kuna wakati miguu yake yote miwili inaacha ardhi. Kwa hiyo picha haikuthibitisha lolote. Maneno yalifika mdomoni. Niliyaacha hapo hapo, na hadi leo nashukuru kwamba kwa mara moja nilinyamaza.

Bibi alimwita mwanawe, aliyekuwa amekaa mlangoni, goti limefungwa kitambaa.

"Njoo huku kwenye mwanga," alimwambia. "Simama hapa nikuone."

Mjomba akainuka kwa kushika ukuta. Bibi akaiweka picha kando ya bega lake, akawa anaangalia huku, anaangalia kule, bila haraka yoyote.