Injini ya Baba Siku ya Uporaji

Saa tisa na dakika kumi alasiri milio ya risasi ilianza upande wa uwanja wa ndege wa Luano. Baba aliendelea kushusha injini kwa mnyororo ndani ya gari lake la zamani la mashindano, lenye kiti kimoja.

"Papa Ngoie, bantu beko naiba, weye uko nacheza na motoka!" mama alifoka.

"Shika kwanza mutarimbo," baba alimjibu, akielekeza kwenye chuma kirefu cha kuinulia.

Kwa chuma hicho aliisogeza injini mpaka boliti zikaingia kwa vidole, akazikaza, kisha akang'oa magurudumu na kuyaficha. Nililia katika harufu ya grisi, nikidhani analibomoa gari.

Juzi, sasa nikiwa mtu mzima, mtaani Ruashi, niliona wanaume wawili wakibeba injini iliyoning'inia kwenye mti mabegani, nikaelewa: injini iliyo sakafuni hubebwa, na gari lenye magurudumu husukumwa.

Siku ile waporaji walifika, wakalivuta gari, wakahema.

"Ya muzee iko nzito, tuende," mmoja alisema.

Walichukua betri tu.