Maji ya Kwanza Kichuguuni

Kama ni kosa, Verdiana alilitenda kwa kutii, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mwanamke huyu alikuwa mkulima wa mpunga katika kigango kimoja upande wa Usevya, na kwa miaka tisa ndiye aliyefua vitambaa vya altare. Usicheke, kazi hiyo si ya kila mtu. Sista Imakulata alimfundisha tangu ni msichana: kitambaa kilichofuta kalisi, kile kikombe cha divai ya Misa, kifuliwe kwanza kwenye beseni la peke yake, na yale maji ya kwanza yasimwagwe ovyo, maana huenda yamebeba tone la Damu ya Bwana. "Yamwage ardhini," Sista alisema, "mahali ambapo mguu wa mtu haupiti." Basi. Enzi hizo halikuwa tatizo. Verdiana na mumewe Venant walikaa mbali na watu, na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kichaka ambacho hata mbuzi walikisahau.

Ndipo ikaja operesheni ya mwaka sabini na nne. Watu wote wakahamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa kwa mistari, na kila pembe ikawa na njia yake. Sasa niambieni nyie, angemwaga wapi? Huku jiko la jirani, huku choo, huku watoto wanacheza. Venant alimcheka tu. "Si uyanywe, mama, yaishe!"

Aliyempa jibu ni Josefina, ambaye kijijini walimwita Mama Hilaria. Huyu hakuwa jirani hivi hivi. Ndiye aliyemsimamia Leodgar, mtoto wa kwanza wa Verdiana, siku ya ubatizo, na chumvi walikuwa wanachukuliana bila hata kupiga hodi. "Wewe nawe unajisumbua," Josefina alimwambia. "Si kuna kile kichuguu kwenye mpaka wa shamba lako? Nani atapanda kichuguu?" Mara ya kwanza walikwenda wote wawili. Josefina alishika beseni, Verdiana akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba, akapokea beseni na kumwaga.

Kila mtu wa kule anajua vichuguu vilitumika kwa nini. Wazee waliweka unga pale, wakamimina pombe, wakaita mizimu kwa majina. Verdiana alijua pia. Ila moyo wake ulikuwa mweupe kiasi kwamba haikumpitikia kabisa kuwa kuna mtu angemfikiria hivyo.

Kwaresima ya mwaka sabini na sita, siku ya pili baada ya Misa, mama mmoja aliyekuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti shambani, akiamia ndege wasile mpunga, alimwona amepiga magoti mbele ya kichuguu, midomo inacheza, anakimwagia maji. Hadi jioni kijiji kizima kilikuwa na habari: Mama Leodgar anatambika kwa maji ya kanisani, ndiyo maana mpunga wake umekubali vile.

Jumapili, baada ya sala, katekista wao Mwalimu Makarius akawabakiza wazee wa kanisa. Verdiana hakuogopa. Aogope nini? Shahidi wake alikuwa amekaa benchi la mbele.

"Muulizeni Mama Hilaria," alisema. "Ndiye aliyenionyesha pale. Beseni alilishika kwa mikono yake."

Watu wakageuka. Josefina akainamisha kichwa, akawa anasokota pindo la kanga. Ndoa ya binti yake Hilaria ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili, imebaki mara moja tu. Familia ikiguswa na habari za mizimu, ndoa ingesimama. Verdiana alilijua hilo, akampa muda.

"Mimi hayo siyajui," Josefina alisema hatimaye. "Yeye ndiye aliyefundishwa na Sista. Mimi ningemfundisha nini?"

Loo! Maneno ya watu wa mitaani Verdiana angeyavumilia. Lakini huyu? Aliyembeba mwanawe mpaka kwenye maji ya ubatizo? Naye Sista Imakulata, ambaye angelimaliza jambo lile kwa sentensi moja, alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Padri alipokuja na pikipiki yake kwa ajili ya Pasaka, foleni ya kitubio ilifika nje, na wa kubatizwa walikuwa zaidi ya ishirini. Wa kwanza ambaye Padri alimsikiliza alikuwa katekista. "Tulia kwanza, mama," Padri alimwambia Verdiana, wala hakusema kwa ubaya. "Komunyo subiri. Nikirudi tutalichunguza." Kurudi kwenyewe ni baada ya miezi miwili, mvua ikiruhusu.

Kwa hiyo Pasaka ile Verdiana alibaki benchi la nyuma, wenzake wakipanga mstari kwenda kumpokea Bwana. Alilia waziwazi, hakujificha. Na nani aliyetangazwa kufua vitambaa badala yake? Josefina.

Nyumbani alijaribu kusali. Baba Yetu ilikwenda vizuri mpaka pale pa "kama tunavyowasamehe", ulimi ukagoma. Akaanza upya. Ukagoma tena. "Siwezi kukudanganya," alimwambia Mungu, akaenda zake kuchambua mboga.

Jumatano, Josefina huyo mlangoni, beseni mikononi, limefunikwa.

"Hodi, Mama Leodgar." Hakumtazama usoni. "Nimefua. Maji ya kwanza ninayo tangu jana. Kila ninaposimama naona nyayo za watu. Niyapeleke wapi?"

Jamani, kuna watu wana uso mkavu! Verdiana alikuwa anapepeta mchele. Alitaka kumfukuza. Alitaka kummwagia yote kichwani. Lakini maji yale hayakuwa ya Josefina. Akaweka ungo chini. "Twende."

Kichuguuni, Josefina alipiga magoti, akamwaga.

"Ningesema nini siku ile, mwenzangu? Mwanangu angeolewa na nani?"

"Ungesema ulichokijua."

Kutoka kwenye dungu ikaja sauti ya yule mama wa ndege: "Nyie! Nani tena huyo kichuguuni?"

Josefina akajibanza, kichuguu kikamficha. "Usinitaje," alinong'ona. "Jumamosi tunakwenda parokiani kufunga ndoa."

"Sikutaji," Verdiana alisema. "Simama ujitaje."

Akageuka, akashika njia. Alitembea polepole makusudi, ametega sikio. Hatua kumi. Ishirini. Angelisikia jina lile moja tu, Baba Yetu angeimaliza siku hiyo hiyo.

"Aa," ile sauti ikapita juu ya mpunga, "kumbe ni Mama Leodgar tena!"

Nyuma ya kichuguu, Josefina alikaa kimya.