Kiranja Hachaguliwi kwa Kura

Wanafunzi walimpa jina siku ya kwanza, kabla hata hajaandika tarehe ubaoni. Walimwita Mwalimu Pasi, kwa sababu shati lake lilikuwa limenyooshwa hadi mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Shemeji yake ndiye aliyelinyoosha asubuhi hiyo, huku kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti, akinywa chai na kumtania.

"Mpige pasi na yeye mwenyewe," kaka alisema. "Ona alivyojikunja kwa woga."

"Mwache mwenzio," shemeji akamjibu. "Wewe siku yako ya kwanza kazini ulijichoma kidole ukarudi nyumbani unalia."

Familia nzima ilikuwa imejinyima ili kijana asomee ualimu, na mama yao alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba nyumba sasa ina msomi. Mtu wa namna hiyo haendi kazini. Anasindikizwa kama bwana harusi.

Shule yenyewe haikuwa na habari kwamba imeletewa bwana harusi. Kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwa waya. Ofisi ya walimu ilikuwa na meza moja ndefu iliyozama chini ya madaftari, na kiti alichoonyeshwa kilikuwa na miguu mitatu na nia njema. Mwalimu Mkuu alimpokea kwa furaha, akamkabidhi darasa la sita na boksi la chaki, kisha akatoweka. Watoto walikuwa themanini na ushei, na kila kitabu kiligombewa na watoto sita kama kuku wanavyogombea mchele uliomwagika.

Kwenye kona ya meza alikaa mwalimu mmoja wa kike aliyekula chumvi nyingi, ambaye hata Mwalimu Mkuu alimpa shikamoo. Walimu wote walimwita Shangazi. Alikuwa akisahihisha madaftari, na ushauri wake aliutoa bila kuombwa na bila kuinua kichwa.

"Mdogo wangu, vaa viatu vya kusimamia, si vya kupendezea. Sauti unayo moja, hakuna anayegawa nyingine, kwa hiyo usiimalize kwa kufoka. Ukitaka wanyamaze, nyamaza wewe kwanza. Chaki ivunje vipande, ukiiacha nzima mezani huioni tena. Usiahidi mtoto kitu. Na ukiwauliza 'mmeelewa?' watakujibu ndiyo, hata kama umewaambia kwamba kuku ananyonyesha."

Mwalimu Pasi alicheka.

"Cheka tu. Na jingine. Usimsimamishe mtoto asome peke yake mbele ya wenzake kabla hujamsikia akisoma mkiwa wawili."

Aliitikia kwa adabu, kama tunavyowaitikia wakubwa huku moyo umeshatoka nje. Chuoni alikuwa amefundishwa kumshirikisha mtoto, kumpa nafasi, kumjengea ujasiri. Akajisemea kwamba bibi huyu amechoka, na uchovu wake ameupa jina la busara. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ubaya wake ni kwamba guu lililovunjika safari hii halikuwa la kwake.

Darasa la sita lilimtoa jasho hadi mikunjo ya shati ikasalimu amri. Na asingelimaliza juma la kwanza kama si Kiranja. Huyu alikuwa binti mrefu, mkubwa kidogo kuliko wenzake, mwenye sauti iliyofika hadi getini kwa mlinzi. Akisema "Nyamazeni!" hata nzi walitua. Alijua nani ana homa, nani amekuja bila kula, nani amemwibia nani kalamu. Madaftari aliyakusanya na kuyabeba kichwani hadi ofisini, yakiwa yamepangwa safu kwa safu. Mwalimu Pasi alimwegemea kama mgonjwa anavyoegemea ukuta, na wala hakuona haya.

Masomo ya kusoma yaliendeshwa kwa namna ile ambayo watu wote waliopita shule zenye vitabu vichache wanaikumbuka. Mwalimu anasoma mstari, darasa linarudia. Anasoma tena, wanarudia tena. Kisha wanausoma wote kwa pamoja kwa sauti ya kuezua paa, na mwalimu anaondoka moyo mweupe. Katika kelele zile sauti ya Kiranja ilikuwa mbele daima, safi, bila kukwama.

"Nina mtoto mmoja pale," alimwambia kaka yake jioni moja wakila. "Yule nikimshikilia vizuri, ataniajiri mimi."

"Basi mwamkie mapema," kaka akasema.

Alipokuwa ameshazoea kidogo, Mwalimu Pasi aliamua kwamba nyimbo zimetosha, sasa kila mtoto asome kwa mdomo wake. Akatunga mwenyewe hadithi fupi ya paka aliyeogopa panya, akaiandika ubaoni asubuhi kwa mwandiko mzuri. Alijua wengine wataogopa. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo lilitoka katika mapenzi matupu: akamwita kwanza yule asiyeweza kumwangusha, ili wengine wapate moyo.

"Kiranja, njoo utufungulie njia."

Binti akaja mbele, akapokea kijiti cha kuonyeshea. Akauangalia ubao. Akamwangalia mwalimu.

"Mwalimu, hujatusomea kwanza."

"Leo mimi nasikiliza," alisema Mwalimu Pasi akitabasamu. "Leo ninyi ndio mnanisomea."

Kiranja akakiweka kijiti chini ya neno la kwanza. Kikakaa pale. Midomo ilifunguka, ikafungwa. Mwalimu Pasi alidhani ni haya tu, akamhimiza, "Haya, usiogope, ni neno dogo." Lilikuwa neno 'paka'. Nyuma ya darasa mtu mmoja akacheka puani. Akafuata wa pili, kisha darasa zima likaangua kicheko, wale wote ambao amekuwa akiwanyamazisha siku zote. Mwalimu alipiga meza, akafoka, akaimaliza ile sauti yake moja. Hawakunyamaza. Mtu wa kuwanyamazisha alikuwa amesimama ubaoni.

Kiranja alikiweka kijiti mezani taratibu, akatoka. Mwalimu Pasi alipofika mlangoni, binti alikuwa ameshavuka geti, na begi lake lilibaki kwenye benchi.

Ofisini alimkuta Shangazi peke yake. Akamweleza, maneno yakigongana.

"Ulimsimamisha nani?"

"Kiranja."

Shangazi akaiweka kalamu nyekundu chini. "Ee Mungu wangu."

"Ulikuwa unajua?"

"Nani asiyejua? Aliletwa shule amechelewa, alikuwa nyumbani akilea mdogo wake. Nilimpokea darasa la pili, hajui hata a. Nikawa nabaki naye mchana. Alikuwa ameanza kuunganisha silabi, nakwambia, alikuwa ameanza. Kisha mwenzangu akahamishwa nikapewa madarasa mawili, na mchana wangu ukaishia hapo. Darasa la tatu wakampitisha, la nne wakampitisha. Mtoto akawa anaanza kukosa siku, leo kaja, kesho hakuja. Tukaona anatuponyoka. Ndipo tukampa ukiranja. Hatukuwa na kitu kingine cha kumpa, Pasi. Mtoto mwenye kazi shuleni anakuja shuleni."

"Mngeniambia!"

"Nilikwambia," alisema Shangazi kwa upole. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Siku iliyofuata Kiranja hakuja, wala iliyofuata. Jumamosi Mwalimu Pasi akalichukua lile begi, akaulizia hadi akafika. Ilikuwa nyumba ya vyumba vingi iliyopangwa na familia nyingi, na mama mtu alikuwa uani akifua nguo za watu, mikono imejaa povu hadi viwikoni. Alipomwona mwalimu akaifuta haraka, akamwingiza chumbani na kumpa kiti, akamkaribisha mara tatu. Heshima ile ilimchoma Mwalimu Pasi kuliko ambavyo tusi lingemchoma. Chumbani kulikuwa na kitanda, pazia la kanga lililokigawa chumba, na juu ya kabati chupa ya dawa ya kifua ya mtoto mdogo.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," alianza. "Nimemwaibisha binti yako bila kukusudia. Naomba arudi. Nitamfundisha mwenyewe, mchana kila siku, mpaka asome."

Usiahidi mtoto kitu, Shangazi alikuwa amesema. Lakini maji yalishamwagika.

Mama akainuka. Akaichukua ile chupa ya dawa, akaigeuza geuza mkononi.

"Mwalimu, mimi sikupata shule. Mdogo wake akiumwa, huyu ndiye ananisomea dawa. Anaishika chupa hivi, ananiambia, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Mwaka mzima ananisomea." Akamtazama mwalimu. "Alikuwa anasoma nini?"

Mwalimu Pasi aliitazama ile chupa. Chuoni walikuwa wamemfundisha kuandaa somo, hawakumfundisha hili.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ndogo mno kwa sauti ile. "Nilikuwa namsikiliza daktari, mama. Anavyosema nashika. Sikukosea hata siku moja."

"Najua hukukosea, mwanangu," mama alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mdogo wako si yupo?"

"Kiranja," Mwalimu Pasi aliliita pazia. "Rudi. Hakuna atakayekucheka, nitahakikisha."

"Nitawaambiaje nyamazeni, mwalimu?"

Mwalimu Pasi akashukuru, akaaga. Uani alijikuta akitembea kati ya nguo mbichi za watu wengine, shati lake likilowa bega, na aliona aibu tupu, aibu ya mtu aliyevunja chombo cha watu na hana hata gundi. Alirudi mara nyingine na kitabu. Binti alikuwa ametumwa. Mara ya mwisho mama alimwambia, kwa heshima ileile, kwamba binti amechukuliwa na mama yake mdogo akamsaidie kazi za nyumbani, mbali kidogo, na kwamba amemwachia mwalimu salamu.

Hakuna aliyemlaumu. Mwalimu Mkuu aliandika jina la mtoto pembeni kama mtoro, akasema hao huwa wanapotea hivyo hivyo. Nyumbani shemeji aliona hajali tena mashati yake yamekunjamana vipi, akamuuliza kulikoni, akasema amechoka tu. Kaka akasema hata chuma huchoka, akamwongezea chai. Mama yake bado alikuwa akiwaambia majirani.

Na darasa la sita likawa soko. Watu themanini na ushei bila mtu wa kuwaambia nyamazeni. Watoto walitaka kupiga kura, tena walishaanza kampeni. Mwalimu Pasi akamweleza Shangazi kwamba atawaacha wachague.

"Kiranja hachaguliwi kwa kura, mdogo wangu." Safari hii Shangazi aliinua kichwa. "Wakipiga kura watamchagua anayejua. Anayejua atakuja shule hata ukimfungia geti. Wewe wasomeshe kwa pamoja, upite katikati, usisikilize sauti. Angalia midomo. Kuna mdomo unaochelewa, unaomfuata jirani. Huyo mpe."

"Shangazi, hiyo siyo kazi tuliyosomea. Tunapaswa kumfundisha asome."

"Mfundishe basi. Ukipata nafasi, mfundishe, na mimi nitakupigia makofi. Lakini kwanza awepo."

Aliudhika, akatoka bila kuaga. Alipanga kubaki na watoto mchana, wachache wachache, hata akamwomba Mwalimu Mkuu chumba. Mwalimu Mkuu alimsifu sana kwa moyo huo. Kisha akamwambia kwamba mwalimu wa darasa la tano amekwenda likizo ya uzazi, na kwa kuwa yeye ni kijana na ana moyo, alichukue na darasa hilo, mchana.

Asubuhi iliyofuata aliingia darasa la sita, akafungua kitabu, akasoma mstari. Wakaurudia, paa likatetemeka. Akasoma tena, akaanza kupita katikati ya mabenchi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akaacha kusikiliza.

Akauona mdomo mmoja, karibu na dirisha, ukichelewa. Akauona mwingine benchi la tatu, wa mtoto aliyemkazia macho jirani yake kama anayevuka barabara. Akauona mwingine. Na nyuma, safu nzima iliyokuwa ikifungua na kufunga vinywa kwa bidii, macho yakiwa kwenye mgongo wa mbele. Alianza kuhesabu, akaacha. Nafasi ya kiranja ilikuwa moja.

Akasimama mbele ya binti wa karibu na dirisha, kwa sababu wiki ile alikuwa amekosa siku.

"Wewe. Simama."

Binti akasimama. Akautazama ubao, akamtazama mwalimu, na uso ukamwisha damu. Mwalimu Pasi aliujua uso ule.

"Si kusoma," alimwahi. "Hutasoma. Kuanzia leo wewe ndiye kiranja."

Binti akashusha pumzi. Kwanza hakuamini. Kisha akageuka, akawatazama wenzake waliokuwa wameshaanza kulalamika kuhusu kura yao, akajaza kifua.

"Nyamazeni!"

Wakanyamaza.