Posa ya Miji Mitatu

Siku ile tulikuwapo mimi, kifungua mimba wa nyumba yetu. Mdogo wangu wa kiume, anayeendesha folklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala. Kitinda mimba wetu, anayesoma chuo kule Kensington. Na mama mmoja Mkenya kutoka Merrylands, ambaye hakuna posa ya watu wa Kiswahili upande huu wa Sydney inayokwenda bila yeye. Chumbani, mlango ukiwa umefungwa, alikuwamo mdogo wangu anayenifuata, nesi, ambaye ndiye aliyekuwa anaposwa. Na sebuleni, juu ya kochi, zilikuwapo simu tatu. Nazihesabu na simu kwa sababu kila moja ilipewa mto wa kukalia na glasi ya soda.

Waliokuja kuposa walikuwa Houston, Phoenix na Buffalo.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mdogo wangu nesi alikuwa ameomba kazi Marekani kupitia wakala, akakubaliwa, akaambiwa achague kati ya hospitali tatu katika miji mitatu. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Kwa wiki nyingi alikuwa akijifunza ile miji kwa njia za siku hizi. Akirudi kazini anajilaza kwenye kochi, anatazama video za watu wanaoendesha gari barabarani bila kusema neno, kamera ikiwa kwenye kioo cha mbele. Alijua mkate mzuri unauzwa wapi Buffalo. Alijua njia ya kutoka uwanja wa ndege wa Phoenix kuliko anavyojua njia ya kwenda Blacktown hapa jirani. Jioni moja akaniambia kuna taa ya barabarani Houston inayochelewa sana kugeuka kijani.

"Nani anakaa hapo?" nikamwuliza.

"Hapo wapi, Dada?"

"Hapo penye taa."

"Si watu wengi tu."

"Nitajie mmoja."

Hakuwa naye. Usiku huo sikula vizuri.

Baba yetu alitangulia kufa, kisha mama, katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma. Mimi nilikuwa darasa la sita. Walimzika Ijumaa, na Jumatatu sikurudi shuleni; kulikuwa na watoto watatu wa kupikia uji. Tangu hapo nina sheria moja tu, na nimevuka nayo mipaka yote tuliyovuka: mtoto wa nyumba yetu halali mahali ambapo hakuna mtu wa kumfungulia mlango akibisha. Huku Sydney kwenyewe tulikuja kwa sababu kulikuwa na mtu. Sasa mdogo wangu alitaka kwenda mbali kuliko alivyowahi kwenda yeyote kati yetu, peke yake, na alichokijua ni taa.

Mimi sikusoma sana, lakini najua msichana anavyotolewa nyumbani. Hutazami bati la nyumba anakoolewa. Unauliza watu wake. Wanagombana? Wana ugonjwa wa ukoo? Mgeni kwao anakula? Nikasema, kama miji hii inamtaka mdogo wangu, ilete washenga.

"Miji haina wazazi," akasema kitinda mimba, kwa Kiingereza. Yeye anasikia Kiswahili chote na hukijibu chote kwa Kiingereza.

"Basi ni yatima kama sisi," nikamwambia. "Na sisi anayekuja kutuposa anakuta kiti."

Washenga tuliwatafuta wiki nzima. Houston tulimpata shemasi mmoja tuliyekuwa tukipanga naye foleni ya maji kambini. Phoenix tulipewa binamu wa mtu anayefanya kazi na mdogo wangu wa kiume. Buffalo hatukuwa na mtu kabisa, mpaka mwanamke anayetusuka nywele hapa Mount Druitt akasema ana wifi yake huko, ila ni mkali.

Tuliwaita Jumamosi mchana, mwezi wa kwanza, siku ya joto lile ambalo hata ndege hawasemi. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Feni ilikuwa ikihamisha joto kutoka ukuta huu kwenda ule. Kwao Marekani ilikuwa bado Ijumaa jioni.

"Wachumba wanatoka jana," akasema mdogo wangu wa kiume.

"Ndiyo maana hawajachelewa," akajibu Mama wa Merrylands.

Alipoingia alimfungia nesi chumbani na kumnyang'anya simu yake, maana anayeposwa hapaswi kuzungumza na upande wa pili kabla ya kuitwa. Kisha akaziona simu tatu zimelala mezani.

"Haki! Mgeni analazwa mezani kama samaki? Wapeni viti."

Tukazipa mito, tukaziegemeza kwenye kochi.

"Na soda."

"Mama, simu haiwezi kunywa," kitinda mimba akasema.

"Mgeni hasemeshwi koo likiwa kavu. Asipoweza kunywa ni shida yake, si aibu yetu."

Tukamimina Fanta glasi tatu. Kikao kilipokwisha zote zilikuwa tupu, na kitinda mimba alikuwa na mdomo wa rangi ya chungwa.

Kwenye posa baba hukaa kiti kikubwa. Baba wa nyumba yetu ni mimi, kwa hiyo nilikaa mimi, nimevaa gauni la kanisani, na miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya barafu. Mama aliruhusu kwa sababu kamera haikufika chini.

Houston alianza. Shemasi aliomba kwanza, akaombea ndege, bahari na serikali zote mbili. Kisha akaingia kwa adabu zote: "Tulikuwa tukipita njia, tukaona ua katika boma hili. Tumekuja kuliomba."

"Ua lipo," akasema Mama. "Na lina wenyewe. Mji wenu ni wa ukoo gani?"

"Ukoo mkubwa, Mama. Huku kila kitu kikubwa. Nyumba kubwa, barabara kubwa, hata kwaya yetu ya Kiswahili haienei jukwaani."

"Ugonjwa wa ukoo?"

Shemasi akakohoa. "Kuna maji kidogo."

"Maji gani?"

"Ya mvua. Yanaingia ndani. Lakini yanatoka."

"Yanaingia mpaka wapi?"

"Tuombe," akasema shemasi.

"Amina," Mama akamkata.

Nikauliza swali langu. Mdogo wangu akiharibikiwa na gari usiku, nani atamfuata?

"Mimi mwenyewe, dada yangu. Wakati wowote. Mpaka mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu kuna nini?"

"Tunahamia Dallas."

Mdogo wangu wa kiume alicheka mpaka akaenda kucheka jikoni. Mama hakucheka. "Mshenga anamkimbia mchumba wake mwenyewe," alisema. "Mshukuruni, mumtoe kwenye mto."

Phoenix alikuwa ameketi nje, nyuma yake mbingu ina rangi nzuri, amevaa shati la mikono mirefu na wala hatoki jasho. Alisema hewa ya huko ni kama ya mbinguni. Sisi tulikuwa tukijifuta uso kwa taulo.

"Huyu," akasema kitinda mimba. "Mwozesheni huyu, na mimi nimsindikize."

"Ngoja wewe. Kila mchumba siku ya posa shati lake limepigwa pasi," akasema Mama, akaisogelea simu. "Mwezi wa saba mnakaaje?"

"Mwezi wa saba hatutoki nje, Mama."

"Mnafanya nini?"

"Tunasubiri mwezi wa kumi."

Tulimwonea huruma, hata mimi niliyekuwa na miguu kwenye beseni. Yeye akaendelea kwamba joto si tatizo kwa mwenye gari lenye kiyoyozi, na kwamba bahati nzuri yeye anauza magari, na lipo moja jekundu amemwekea mdogo wetu, akitoa malipo ya kwanza leo hii atapunguziwa.

"Huyu si mshenga," akasema Mama. "Huyu ni dalali." Akaigeuza simu kifudifudi, soda yake ikiwa imebaki nusu.

Ikabaki Buffalo. Kwenye simu tulimwona mwanamke wa makamo, amevaa sweta mbili, anakoroga sufuria. Hakusema habari ya ua wala boma.

"Nimeambiwa nipokee simu nieleze mji," alisema. "Mji una theluji. Gari langu limefukiwa tangu juzi. Kila Februari naapa kuhama, ikifika Mei nimesahau. Kingine?"

Mama wa Merrylands aliivuta simu karibu. Katika posa zote alizoendesha hakuwahi kukutana na mshenga anayemchongea bwana harusi.

"Kwani nyinyi binti yetu hamumtaki?"

"Sijui. Anakula nini?"

"Anakula kila kitu."

"Basi chakula kipo."

Nikamtajia mtaa wa nyumba ambayo wakala alisema atampangia mdogo wangu, karibu na hospitali. Nikauliza kama pana taa, kama watu wanapita, kama ni njia ya kutembea msichana akitoka kazini peke yake.

"Si mbali na hapa," alisema. "Sijawahi kupatazama kwa macho hayo. Subiri."

Akazima jiko. Tukasikia zipu, tukasikia viatu vizito, tukasikia mlango. Kisha upepo ukaingia sebuleni kwetu kwa sauti tu, na sote tukajikunyata kwenye lile joto.

"Rudi ndani, mama yangu," nikamwambia. "Si lazima leo."

"Nimeshavaa viatu. Viatu hivi mtu havai bure."

Akatembea, sisi tukitembea naye. Simu ilionyesha weupe, kisha taa, kisha weupe. Alikuwa akitupa habari huku akihema. Hapa kuna kituo cha basi. Hapa kuna mbwa, lakini ni mzee. Nyumba yenyewe ndiyo hii, ngazi zimefagiliwa, maana yake ana jirani mwenye akili. Hapa taa imekufa, nitapiga simu Jumatatu wai...

Tukaona mbingu. Tukasikia kitu kizito, kisha hatukusikia kitu. Vipande vya theluji vilianza kutua juu ya kioo cha simu, kimoja kimoja, kana kwamba vinatufunika sisi.

Mama wa Merrylands alisahau uenyekiti, akapiga magoti mbele ya kochi. "Mama! Mama wa Buffalo! Umeumia?" Mimi nilisimama ndani ya beseni. Mdogo wangu wa kiume, mtu mzima, mwenye leseni ya folklifti, alikimbia akafungua mlango wa mbele akatoka nje na kandambili kwenda kumwinua. Alifika mpaka kwenye geti. Akasimama pale juani Mount Druitt, akitazama barabara huku na huku.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Nesi alitoka bila kuitwa, bila kitenge kichwani, akaichukua simu kutoka kwenye mto wake.

"Dada, usisimame haraka," alisema. "Unaweza kuusogeza mguu? Kichwa kiligonga? Niambie huu ni mwezi gani."

Kisha kicheko, kikubwa, cha mtu aliyelala chali.

"Ndiyo wewe?" sauti ikauliza.

"Ndiyo mimi."

"Usipite upande huu. Panateleza. Wewe pita ng'ambo, penye kituo cha basi. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada."

Mama wa Merrylands aliinuka, akakung'uta magoti. "Bibi harusi ametoka mwenyewe," alisema. "Mimi sina la kuongeza. Leteni chakula."

Nilijaribu hata hivyo kudai mahari, kwa sababu baba asiyedai mahari hudharauliwa. Nikamwuliza Buffalo anatoa nini. Alikuwa ameshaketi kwenye ngazi zilizofagiliwa, anajipangusa. Alisema mwambie asinunue koti huko kwenu, makoti ya huko ni ya mchezo. Lake la zamani lipo, refu, litamfika miguuni.

Mdogo wangu aliondoka mwezi wa tatu. Uwanja wa ndege sikulia. Nililia kwenye treni, baada ya kituo cha Parramatta. Picha ya kwanza aliyotuma ni yeye mlangoni kwa yule mama, ndani ya koti linaloburuta chini. Mlango uko wazi nyuma yake. Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara naanza kutazama mlango.

Halafu mama wa Buffalo akanipigia. Binti yake wa kwanza amepata nafasi ya kusoma hapa, Kensington, atakuja muhula ujao. "Mimi huko simjui mtu," alisema. "Video nimeziona, zote zina jua. Nichunguzie."

Nimeshamtandikia kitanda cha mdogo wangu, awe anakuja mwisho wa wiki. Mama wa Merrylands ameahidi kuwa shangazi. Kitinda mimba amesema atamwonyesha chuo, na amelisema kwa Kiswahili, jambo lililotushtua sote. Lakini yote hayo ni wema wa kukaa ndani ya nyumba. Nilipompa habari hizo yule mama alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na panapoteleza ni wapi?"

Njia hiyo sikuwahi kuitembea. Kwa hiyo nikipata siku ya kupumzika navaa viatu, napanda treni kutoka Mount Druitt, nabadili, napanda tramu mpaka Kensington. Natoka chuoni natembea mpaka nyumba atakayopanga na wenzake, simu mkononi, narudi kwa upande wa pili. Taa zote zinawaka. Njia ni kavu. Wanafunzi wananisalimia, wengine sasa wananijua. Mwanamke yule alianguka kwa ajili ya mdogo wangu, na muhula unakaribia, na mimi bado natafuta pa kuangukia.